Tulivyoipigania Mashua ya Mto

Walipomzika Veneranda kule Nshamba, nilikaa mkekani pamoja na wanawake wa ukoo wake, nyuma ya nyumba, pale ambapo moshi wa jiko la msiba ulitujia usoni kila upepo ulipogeuka. Ng'ambo ya migomba nilisikia sauti ya diwani akisoma maisha ya marehemu. Alisema marehemu, wakati wa Mwingereza, akiwa binti mdogo tu, ndiye aliyegundua kwamba mashua iliyokuwa ikiwatembeza Wazungu mtoni ilinunuliwa kwa ushuru wa kahawa yetu. Alisema ndiye aliyesimama mbele ya DC bila kutetemeka, akaufungua mto kwa watu wote. Wanawake walionizunguka wakaguna kwa heshima. Nami nikaguna. Mama mmoja aliyeketi kando yangu akanigawia punje za kahawa za kutafuna, akaniuliza kwa upole kama nilimfahamu marehemu. Nikamwambia tuliwahi kukaa chumba kimoja, Bukoba mjini, kwa mwaka mmoja. Akasema, "Basi ulibahatika." Nikajibu kwamba ndiyo, nilibahatika. Kichwa changu chote ni mvi, nina wajukuu wanaonipita urefu, na mwenzangu alikuwa amelala ndani ya sanduku hatua chache kutoka nilipokaa, lakini kitu kilichonipanda kifuani siku ile, kabla ya machozi, kilikuwa wivu. Ulikuwa wivu ule ule niliokwenda nao kazini na kurudi nao mwaka ule mzima. Haukuwa umezeeka hata kidogo.

Nilizaliwa wapi na kwa nani, hayo yana mahali pake, sitayaleta hapa. Nianze na chumba. Kilikuwa chumba cha uani katika nyumba ya Bi Nuru, nyuma ya msikiti, chenye vitanda viwili vya kamba, dirisha moja linalotazama jiko, na kipande cha kioo kilichofungwa ukutani kwa waya. Bi Nuru alikuwa mjane, babu zake walikuja kutoka pwani wakati wa biashara ya pembe, na ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuiona bahari, alijiona mtu wa pwani kuliko watu wa pwani. Mimi nilikuwa nimekaa kwake karibu mwaka kabla Veneranda hajaja. Nilimfulia, nilimsomea barua, nilimkanda miguu baridi ilipoteremka kutoka ziwani, na nilidhani nimepata nafasi moyoni mwake. Ndipo mvua za masika zikaanza, na Mwalimu Laurean, aliyekuwa akinywa chai pale barazani kila siku baada ya kazi, akamleta mpwa wake kutoka Nshamba, mwalimu mpya aliyekosa nafasi katika nyumba za misheni. Bi Nuru alisema wazi kwamba hajawahi kulaza Mkristo chini ya paa lake. Veneranda hakubishana. Aliweka begi lake chini, akapiga magoti kwenye tope la uani kwa adabu ya Kihaya, akamsalimu Bi Nuru kwa sauti ya chini, "waitu" ikifuata kila neno, na alipoinuka gauni lake lilikuwa na mabaka mawili ya tope magotini. Bi Nuru akaniamuru nimpelekee maji ya kunawa. Wiki haikwisha kabla kichwa cha samaki, ambacho Bi Nuru alikuwa akiniwekea mimi, hakijahamia kwenye sahani ya Veneranda. Mtu anaweza kucheka nikisema kwamba nakumbuka samaki wale mpaka leo. Acha acheke. Sijawahi kula kichwa cha samaki tangu hapo bila kuangalia kwanza ni nani mwingine amekaa mkekani.

Mchana nilishona katika duka la Bwana Premji, Mhindi aliyekuwa na cherehani tatu, moja yake na mbili za wafanyakazi. Alikuwa mtu mpole, mwenye hofu nyingi, na alipenda mzaha mmoja tu, ambao aliurudia kila tulipoletewa kazi ya mashua. Mashua ile, kwa asiyejua, ilikuwa motaboti ndefu yenye paa la turubai, iliyofungwa kwenye gati la mbao kwenye mto Ngono, mwendo wa lori kutoka mjini. Kila Jumapili iliwabeba Wazungu wa serikali na wageni wao, ikateremka polepole kati ya mafunjo mpaka mahali mto ule unapoingia Kagera, na mwongozaji wao akiwaonyesha viboko, ndege na kila kitu kilichokuwa majini na ukingoni. Mwafrika aliyepanda ni yule mwongozaji tu, aliyekuwa pia mshika injini. Mhindi hakupanda. Hata mitumbwi ya watu wa kando ya mto ilifukuzwa sehemu ile siku ya Jumapili, ili viboko wasishtuke. Mito ya kukalia ya mashua hiyo ilikuwa ya turubai ya kijani yenye ukingo mweupe, na mimi ndiye niliyekuwa nikiishona na kuijaza sufi kila ilipochakaa. "Sauda," Bwana Premji alikuwa akisema, akiupigapiga mmoja kwa kiganja, "mto wa maji hatupandi, mto wa sufi tunashona." Halafu alicheka peke yake. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikimaliza kushona mto mmoja, naufunga uzi, kisha naukalia pale sakafuni kidogo, nikitazama ukuta, nikijaribu kuona wanachokiona wao. Niliutaka mto ule kwa namna ambayo sikuweza kumweleza mtu. Nilikuwa nimeishi kando ya ziwa siku zote, lakini ziwa linakaa. Mto unakwenda mahali.

Bi Nuru hakutaka hata kulisikia jina la mto huo. Kwa Wahaya ni jina tu la maji yanayopita, lakini yeye kwa Kiswahili chake aliona aibu kubwa, akasema jina hilo lisitamkwe penye chakula chake. Kwa hiyo katika nyumba yetu uliitwa "mto ule." Mwalimu Laurean alikuwa ameomba kuwapeleka wanafunzi wake kwenye mto ule, wapande mashua, waelezwe na mwongozaji kama Wazungu wanavyoelezwa. Alijibiwa kwamba mashua si ya umma. Jioni alikuja barazani, yeye na walimu wenzake, wakanung'unika juu ya jambo hilo huku wakinywa chai ya Bi Nuru, na manung'uniko yao yalikuwa kama moshi wa kuni mbichi: mengi, lakini hayapiki kitu.

Siku moja karani wa hazina ya wenyeji, ile iliyokuwa ikikusanya ushuru wa kahawa kwa ajili ya machifu, alikuja dukani kuagiza turubai jipya la paa. Mimi nilikuwa chini ya meza nikiokota pini. Bwana Premji akamuuliza kama hesabu aipeleke klabu ya Wazungu. Karani akacheka. Akasema klabu haina mashua. Mashua ni ya hazina, ilinunuliwa kwa ushuru wa kahawa, na petroli yake inatoka huko huko. Wazungu wanaipanda tu. Kisha akasema jambo hilo si la kusemwa barabarani, na Bwana Premji akasema yeye ni fundi, hajasikia kitu. Nilibaki chini ya meza na pini mkononi mpaka karani alipoondoka. Nilijua nimeokota kitu ambacho hakikuwa pini.

Jioni ile chakula kilikuwa ndizi na maharage, zimepikwa pamoja mpaka zikalegea. Nilimwambia Veneranda tukiwa tumekaa kizingitini mwa chumba chetu, sahani magotini. Sikujua kusimulia. Nilisema kama nilivyosikia, sentensi mbili, basi. Veneranda akaacha kula.

"Umesikia kwa masikio yako?"

"Kwa haya mawili."

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaweka sahani chini, akawatazama kuku wa Bi Nuru wakipanda darini mpaka wa mwisho. Mimi nilimaliza chakula changu. Ningejua jinsi wakati ule ungepimwa baadaye, pengine ningeinuka mimi mwenyewe, nikaenda barazani kuwaambia walimu. Lakini sikuwa mtu wa kuingia barazani penye wanaume na kusema. Na yeye hakuwa mtu wa kujua jambo na kukaa nalo.

Kesho yake, chai ilipokuwa imemiminwa, Veneranda aliketi mlangoni akaanza kusema. Hakuanza na mashua. Alianza na mama mmoja wa Nshamba anayechuma kahawa, vidole vyeusi kwa utomvu, mtoto mgongoni. Akaeleza jinsi anavyoanika, anavyopeleka, anavyokatwa ushuru na kuambiwa ushuru huo ni wa barabara na shule. Akaueleza ushuru ule ukigeuka mbao, mbao zikigeuka mashua, mashua ikigeuka kivuli kizuri juu ya maji, na yule mama akisimama ukingoni na mtungi wake akiambiwa asogee, anawashtua viboko. Mwalimu Laurean alisahau kikombe mkononi. Hata Bi Nuru, aliyekuwa akijifanya anachambua mchele, aliacha kuchambua. Mmoja wa walimu akauliza habari hiyo imetoka wapi. Veneranda akanitupia jicho mara moja, upesi, kisha akasema imetoka kwa mtu wa kuaminika, na jina lake halitatajwa, kwa sababu mtu huyo ana kazi ya kupoteza.

Alikuwa sahihi. Nililijua hilo pale pale, na ninalijua sasa. Angenitaja, Bwana Premji angenifukuza kabla ya saa ya chakula, si kwa ubaya bali kwa hofu, na mimi nisingekuwa na pa kwenda. Lakini wivu hausikilizi hoja. Nilikaa kwenye kona yangu nikiwatazama watu wakimtazama, nikahisi kama mtu aliyeazima kitenge chake kwa mwenzake siku ya harusi: kitenge ni chako, lakini kimempendeza yeye. Na sitajidanganya kwamba kilichoniuma ni kutotajwa tu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi nilileta habari, na yeye akaifanya iwe jambo. Ningetajwa mara mia nisingeweza kusema vile.

Kuanzia hapo nyumba ilijaa watu. Waliunda kamati, ombi likawa moja: mashua ifunguliwe kwa yeyote, mwongozaji awaeleze watu wote, kwa lugha yao. Siku za gulio Veneranda alipanda lori kwenda Nshamba kuzungumza na wakulima, na mara mbili tatu, duka likiwa limefungwa, nilikwenda naye. Barabara ile ilikuwa ya vumbi jekundu na migomba pande zote, na katika kila nyumba ya kibanja aliyoingia majani mabichi yalikuwa yametandazwa sakafuni, tukapewa kahawa ya kutafuna kabla ya neno lolote. Alisema Kihaya cha kwao, cha polepole, chenye mafumbo, wazee wakaegemea fimbo zao wamsikie. Siku moja waliniomba na mimi niseme. Kihaya changu kilikuwa cha mjini, kilichochanganyika na Kiswahili, na niliposema "mto ule" badala ya jina lake kwa mazoea ya nyumbani, wanawake walicheka mpaka wakashikana. Hawakucheka kwa ubaya. Veneranda alicheka nao, kisha akaeleza habari za Bi Nuru na aibu yake, wakacheka zaidi, na kicheko hicho nacho kikawa chake. Njiani kurudi alilala begani mwangu. Lori liliruka kwenye kila shimo na yeye hakuamka. Nilikaa wima njia nzima ili kichwa chake kisianguke, nikiwa nimemkasirikia.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyetupinga waziwazi, naye ni mwongozaji mwenyewe, Ta Kamugisha, "Ta" ya heshima ya Kihaya. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kofia ya nahodha aliyopewa na mgeni mmoja, na alikuja kwa Bi Nuru kumwambia Veneranda aache mchezo. Alisema Wazungu wanakaa kimya mashuani, wanatazama wanapoonyeshwa, wakishuka wanamshika mkono. Watu wetu watazungumza wote kwa pamoja, watasimama upande mmoja, watapika humo ndani. Bi Nuru alimwambia asijali, yeye hatapanda. Ta Kamugisha alikula sahani mbili za pilau, akaondoka hajabadili neno. Sikuwahi kumchukia kwa hilo. Alikuwa na kitu kizuri mkononi, akaogopa kukigawa. Nilimwelewa kuliko walivyomwelewa wengine.

Walipokwenda kwa DC, mimi sikuingia. Ilikubaliwa kwamba nisionekane, kwa sababu ya Bwana Premji. Nilikaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha, nikiwa nimewashikia wenzangu miamvuli yao, kama mtu aliyekuja kwa shauri lake mwenyewe. Dirisha lilikuwa wazi. DC alikuwa na Kiswahili safi, cha vitabuni. Alisema kwa upole kwamba anashangaa. Matembezi ya mashua ni mapumziko ya watu walio mbali na kwao. Lakini nyinyi, alisema, mto mnao kila siku.

"Mto tunao, Bwana DC," nikamsikia Veneranda akijibu. "Tunachouliza ni mashua."

 Kisha DC akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika, ni nani aliyewaambia habari za hazina. Nilikuwa na miamvuli minne mapajani, na niliikumbatia yote.

"Hazina ni yetu," Veneranda akasema. "Mtu haambiwi habari za nyumba yake, Bwana DC. Anazijua."

Huko nje niliposikia maneno hayo nilifurahi, nikashukuru, na nikaona wivu mkali kiasi kwamba nililazimika kusimama na kutembea mpaka kwenye lango. Ni vigumu kumwonea wivu mtu anayekukinga. Huwezi kumlaumu, na huwezi kumshukuru kwa moyo mmoja.

DC alikataa. Akasema suala hilo limefungwa. Lakini wazee wa Nshamba walikuwa wameshaondoka majumbani kulifuata baraza la machifu, na lilipokaa, mmoja wa wazee hao akasimama akauliza petroli ya mashua inatoka wapi. Swali likazaa swali. Mwishowe baraza likasema halina neno na mashua, ikae tu mtoni, ila petroli halitaitoa mpaka mwenye kahawa naye apande. Basi mashua ikakaa. Jumapili zikapita, mafunjo yakaanza kuisogelea, buibui wakatanda kwenye paa la turubai, na Wazungu wakabaki kwenye baraza zao za mjini wakinywa chai. Ta Kamugisha akaja tena kwa Bi Nuru, safari hii bila kofia, akauliza tunadhani jambo hili litakwisha lini. Halikuwa swali la mtu anayepinga.

Kiangazi kilipoanza, tangazo likabandikwa: kila Jumamosi mashua itachukua mtu yeyote, pamoja na mwongozaji wake. Nyumbani kwetu palipikwa kama sikukuu. Lakini wiki ile ile dukani iliingia oda nyingine. Mito mipya ya mashua, kwa ajili ya Jumamosi, ya kitambaa cha gunia. Ile ya kijani itolewe kila Ijumaa na kufungiwa stoo. Bwana Premji aliniambia hayo bila kunitazama, na mzaha wake hakuutoa. Akasema ndani nijaze nyasi kavu, ndivyo walivyoagiza. Nikasema sawa. Kisha alipokwenda kula, nilifungua gunia la sufi, ile ya daraja la kwanza tuliyoweka kwa magodoro ya maharusi, na nikaijaza mito ile ya gunia yote mpaka ikawa laini kuliko ya kijani. Aliporudi aliminya mmoja, akauminya tena. Akauweka juu ya mingine akaendelea na kazi yake. Hilo sikumwambia Veneranda. Nilitaka niwe na kitu kimoja katika jambo lile ambacho hatakuwa na njia ya kukisema vizuri kuliko mimi.

Jumamosi ya kwanza lori la kahawa lilitupeleka mpaka gatini. Walikuwepo wakulima wa Nshamba na wake zao katika nguo za kanisani, wanafunzi wa Mwalimu Laurean, na mvuvi mmoja wa kisiwa cha Bumbire aliyekuwa mjini kuuza samaki, akasikia, akaja. Alikuwa akimweleza kila mtu kwamba tangu azaliwe hajawahi kukaa chomboni bila kasia, leo anapakiwa kama mzigo. Mzee mmoja alipoketi alipapasa chini yake, akamwambia mkewe kwamba serikali imetuwekea gunia, lakini gunia hili lina huruma. Niligeuza uso nitazame maji.

Veneranda alipewa nafasi ya mbele. Hakuitaka. Alikuja kukaa nami nyuma, watu wakasema tazama unyenyekevu wake. Ta Kamugisha, kofia kichwani, akawasha injini, gati likaanza kurudi nyuma, na hapo Veneranda akanishika mkono chini ya kitenge. Nilidhani ni furaha. Nilipomtazama, uso wake ulikuwa wa kijivu na macho ameyafumba kabisa.

"Una nini?" nikamnong'oneza.

"Naogopa maji," akasema. "Tangu utotoni. Usimwambie mtu."

Nilikuwa nimelala naye chumba kimoja miezi ile yote, na sikujua. Nikakumbuka kwamba hakuwahi kushuka nami ziwani, kila mara alikuwa na daftari za kusahihisha. Mtu wa milimani, aliyeona maji mengi kwa mbali tu, kutoka juu. Alikuwa amepanda malori, amesema vibanjani, amesimama mbele ya DC, kwa ajili ya kitu ambacho yeye mwenyewe asingekitaka hata kwa kupewa. Mimi niliutaka mto ule mpaka nikaukalia sakafuni. Yeye hakuutaka kabisa, na aliupigania kuliko mimi. Nimetafuta maisha yangu yote mahali ambapo ningeweza kusema nilimzidi, na kila nikifika kwenye siku ile nakuta amekaa pale, macho yamefumbwa.

Nami nilitazama. Nilitazama kwa macho yangu na kwa yale yake yaliyofumbwa. Mafunjo yalisimama pande mbili marefu kuliko nyumba, na maji kati yake yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Ta Kamugisha alizima injini penye mapana, mashua ikateleza, akasema kwa Kihaya, kwa sauti ambayo sikuidhania kwake, kwamba tunyamaze tu kidogo. Na watu wakanyamaza. Viboko wakaibuka mmoja baada ya mwingine, masikio kwanza, wakipuliza. Ndege mdogo wa buluu alijirusha majini akatoka na kisamaki. Ukingoni, ndani ya mafunjo, nzohe dume alikuwa amesimama, maji tumboni, akitutazama bila kukimbia. Na mtoto mmoja wa shule akauliza huyo ni swala anayeishi majini, Ta Kamugisha akasema ndiye, na ana kwato ndefu za kumzuia asizame topeni. Mbele, mto ukapanuka, rangi ikabadilika, nyeusi ikakutana na ya udongo, na zote mbili zikaenda pamoja bila kuchanganyika kwa muda mrefu. Pale ndipo Kagera. Mkono wa Veneranda ulikuwa na jasho, na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi.

Tuliposhuka hakuzungumza mpaka lori lilipoondoka. Halafu akaniinamia sikioni. "Uliona nini? Niambie kila kitu. Wataniuliza."

Ningeweza kukataa. Ulikuwa mto wangu, kitu cha kwanza katika mwaka ule ambacho hakikuwa chake. Lakini nilimweleza, kwa sentensi zangu fupi, kama mtu anayetoa vitu mfukoni: masikio ya viboko, ndege, nzohe, maji ya rangi mbili. Alisikiliza amefumba macho, kama alivyofanya mashuani.

Jioni baraza la Bi Nuru lilijaa mpaka ngazini. Watu waliokosa nafasi walikuwa wamekuja kusikia. Wakamwomba Veneranda asimulie, naye akaketi mlangoni, akaanza. Hakuanza na viboko. Alianza na ukimya, jinsi watu waliozoea kuambiwa wanyamaze walivyonyamaza siku hiyo kwa hiari yao. Akamleta nzohe polepole, kwato kwa kwato, mpaka Bi Nuru akauliza kama hakutukimbia kweli. Akaeleza maji mawili yakitembea pamoja kama wake wenza wanaokwenda sokoni, hawasemezani, lakini hawaachani. Hilo mimi sikuwa nimelisema. Hilo hakuna aliyeliona, na lilikuwa kweli tupu.

Nilikaa kwenye kona yangu na wivu wangu, nikiusikiliza mto wangu ukitoka kinywani mwa mtu ambaye hakuuona. Mara akasita. Alikuwa amefika mwisho wa yale niliyompa, na watu walikuwa bado wameinamia mbele. Akanitazama kupitia vichwa vyao. Nikainuka, nikapita kati ya watu na birika, nikammiminia chai, na nilipokuwa nimeinama nikamnong'oneza kwamba tuliporudi, karibu na gati, palikuwa na mwanamke mwenye mtungi ukingoni, na safari hii hakuna aliyemwambia asogee.

Kisha nikarudi kwenye kona yangu, nikakaa, nikasubiri kusikia atakavyolisema.